Ngozi za wanyama waliogongwa barabarani Marekani: je, inaruhusiwa kuzichuna na kuziuza?

Mwana wa Pangani (muulizaji)

Ndugu zangu, naomba msaada wa yeyote aliyeishi Marekani kwa muda mrefu au anayeifahamu kazi ya ngozi. Ninaishi kaskazini-magharibi mwa Pennsylvania na kazi yangu ni kusambaza vifurushi, hivyo alfajiri hunikuta barabarani. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, majira ambayo kulungu wa huku hupandana na kukimbizana bila kuangalia magari, ni nadra kupita asubuhi bila kuona mizoga kando ya njia. Kulungu ndio wengi, kisha rakuni, mbweha mwekundu, oposumu na mara chache koyote, mnyama wa jamii ya mbwa mwitu. Wengi wao wamegongwa usiku uleule, na kwa kuwa baridi ni kali, miili yao inakuwa haijaanza kuharibika.

Marehemu babu yangu alikuwa akichuna mbuzi na kuwamba ngozi zao kwa ajili ya ngoma, nami nilijifunza kwake kushika kisu bila kutoboa ngozi. Naona ni hasara kubwa ngozi nzuri namna hiyo kuachwa mpaka gari la manispaa lije kuizoa na kwenda kuifukia. Ninataka kujua mnyama aliyegongwa ni mali ya nani kisheria, na kama mtu akiruhusiwa kumchukua, anakuwa ameruhusiwa pia kuuza ngozi yake. Pia ningependa kujua kama soko lipo kweli au ni hadithi za vijiweni, na kama ninaweza kupeleka ngozi chache nyumbani Tanga kwa ndugu wanaopiga ngoma. La mwisho si langu bali ni la mke wangu, ambaye ni mwangalifu katika dini: ameniuliza kama ngozi ya mzoga inafaa kuingia ndani ya nyumba, na kama fedha yake ni halali.

Mkazi wa Allegheny

Ndugu Mwana wa Pangani, swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo. Nchini Marekani mnyama wa porini si mali ya mwenye shamba wala ya aliyemgonga. Yuko chini ya dhamana ya jimbo, na kila jimbo limejitungia sheria yake kuhusu mzoga unaokutwa barabarani. Maana yake ni kwamba jibu la Pennsylvania halivuki mpaka kuingia Ohio wala New York, na kwa mahali ulipo mipaka yote miwili ni mwendo mfupi wa gari.

Kwa upande wa kulungu, Pennsylvania humruhusu mkazi wa jimbo kuuchukua mzoga, mradi apate namba ya kibali kutoka Pennsylvania Game Commission, yaani tume ya wanyamapori ya jimbo, ndani ya saa 24 tangu auchukue. Nyama ni ya kuliwa, haiuzwi. Pembe zina sheria yake peke yake: kuzikata pembe za dume aliyelala kando ya barabara na kuondoka nazo ni kosa, na yule aliyepewa kibali cha mzoga ama huzikabidhi kwa tume ama huzinunua kwa dola 10 kwa kila ncha. Mimi naiona kuwa sheria ya busara, kwa sababu pembe kubwa zina wapenzi wengi, na zingeachwa huru wapo ambao wangewagonga madume kwa makusudi.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hulipita. Ruhusa ya kuchukua si ruhusa ya kuuza. Oregon ilianza kuruhusu watu kuchukua kulungu na elki (kulungu wakubwa) waliogongwa tarehe 1 Januari 2019, lakini imekataza kuuza sehemu yoyote ya mnyama huyo. Unaweza kumpa jirani kwa maandishi, ila humuuzii, na kichwa pamoja na pembe unatakiwa kuvipeleka kwa idara yao ndani ya siku tano za kazi. Washington iliruhusu mwaka 2016 na Montana mwaka 2013, kila moja kwa masharti yake, na katika majimbo yote mawili lengo la sheria lilikuwa kuokoa nyama, wala si kufungua biashara ya ngozi. Kwa hiyo unapopiga simu kuomba namba ya kibali, usiishie kuuliza kama unaweza kumchukua mnyama. Uliza kwa maneno ya wazi kama ngozi yake unaweza kuiuza, kwa nani, na karatasi gani iambatane nayo, kisha andika jina la afisa na saa mliyozungumza.

Wanyama wa manyoya, yaani rakuni, mbweha na wenzao, wanafuata mkondo mwingine, kwa kuwa wana leseni yao na misimu yao. Anayetaka kushughulika nao kwa uhalali ni vema akate kwanza leseni ya kuwinda na kutega wanyama wa manyoya, kwa sababu bila hiyo kila ngozi utakayokutwa nayo itahitaji maelezo. Bobkati, yaani paka mwitu wa huku, na fisi maji usiwaguse kabla hujazungumza na ofisi, hata ukiwakuta wamekufa kabisa. Hao wamo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na ngozi zao hazitoki nje ya nchi bila lebo na kibali.

Kuna pia ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, unaojulikana kwa kifupi kama CWD, ambao uligunduliwa Pennsylvania mwaka 2012. Katika maeneo yaliyotangazwa kuwa na ugonjwa huo ni marufuku kutoa kichwa na uti wa mgongo wa kulungu nje ya eneo. Ngozi safi isiyo na mabaki ya ubongo wala uti wa mgongo haina tatizo hilo, lakini mtu anayebeba mzoga mzima nyuma ya gari na kuvuka mpaka wa eneo anaweza kuvunja sheria bila kujua.

Na ndege waache walipo. Mwewe, bundi na ndege wengi wengine wanalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1918 kuhusu ndege wanaohama, na kumiliki hata unyoya mmoja uliouokota ni kosa. Tai wana sheria yao ya mwaka 1940, na mizoga yao hupelekwa kwenye ghala la taifa huko Colorado, ambako hugawiwa Wahindi Wekundu wa makabila yanayotambuliwa na serikali kwa ajili ya ibada zao. Mwisho kabisa iko sheria ya Lacey ya mwaka 1900, inayogeuza kosa dogo la jimbo moja kuwa kosa la shirikisho pale ngozi hiyo inapouzwa jimbo jingine. Tangazo moja tu la mtandaoni kwa mnunuzi wa New York linatosha kukuingiza humo.

Fundi Manyoya (Ontario, Kanada)

Aliyetangulia amelimaliza suala la sheria vizuri, kwa hiyo mimi nitasema kuhusu ngozi yenyewe na soko lake, kwa kuwa ninafanya kazi hii.

Soko lipo, lakini si lile ambalo wazee wa huku hulisimulia. Miaka ya mwisho ya 1970 rakuni mmoja aliweza kumpa kijana fedha ya maana. Leo bei ya rakuni wa kawaida haifikii gharama ya muda wa kumchuna. Wanunuzi wakubwa walikuwa Urusi na China, na uchumi wa Urusi ulipoyumba kuanzia mwaka 2014, bei zilianguka. Mnada mkubwa wa Toronto, North American Fur Auctions, ambao asili yake ni biashara ya manyoya ya kampuni ya Hudson's Bay iliyoanzishwa mwaka 1670, uliomba ulinzi dhidi ya wadai wake mwaka 2019. Koyote alibaki na bei nzuri kwa muda kwa sababu manyoya yake yalipambwa kwenye kofia za makoti ya baridi, mpaka kampuni ya Canada Goose ilipotangaza mwaka 2021 kwamba inaacha kutumia manyoya. California nayo imepiga marufuku uuzaji wa mavazi mapya ya manyoya tangu Januari 2023. Anayejikongoja bado ni biva, mnyama wa mitoni mwenye manyoya mazito, kwa sababu watengenezaji wa kofia za wachunga ng'ombe wanahitaji sufu yake, lakini biva haokotwi barabarani mara kwa mara.

Ongeza hapo kwamba ngozi ya mnyama aliyegongwa ina kasoro zake. Lami hukwangua manyoya upande mmoja, mfupa uliovunjika hutoboa ngozi kwa ndani, na damu iliyovilia chini ya ngozi huacha doa ambalo mnunuzi wa mnada huliona mara moja na kukata bei. Ndiyo maana walioweza kufaidika na ngozi za barabarani hawakuziuza zikiwa ghafi. Pamela Paquin wa Massachusetts alianzisha mwaka 2013 biashara aliyoiita Petite Mort, akitumia manyoya ya wanyama waliogongwa tu kutengeneza vifuniko vya shingo na mikono, na akawauzia kwa mamia ya dola wateja wasiotaka mnyama auawe kwa ajili ya vazi lao. Mteja wa namna hiyo alilipia ushonaji na habari ya mnyama alikotoka. Rundo la ngozi ghafi halina lolote kati ya hayo mawili.

Kuhusu kazi yenyewe, unapoukuta mzoga, vuta nywele za tumboni kwa vidole. Zikitoka, muache, kwani bakteria wameshalegeza mizizi ya nywele na hakuna dawa itakayozirudisha. Tumbo lililogeuka kijani nalo ni jibu la kutosha. Wakati wa kiangazi saa chache za jua zinaharibu kila kitu. Wakati wa baridi kali mzoga unaweza kukaa usiku mzima na zaidi. Manyoya yaliyokomaa ni ya kati ya Desemba na Februari, na utaitambua ngozi ambayo haijakomaa kwa rangi ya bluu au nyeusi upande wa nyama. Mbweha na koyote huchunwa kuanzia miguu ya nyuma na kuvuliwa mpaka puani kama soksi, halafu hukauka juu ya ubao manyoya yakiwa nje; rakuni naye huachwa manyoya yakiwa ndani. Mafuta yote yakwanguliwe, hasa ya rakuni, kwa maana mafuta yaliyobaki huunguza ngozi polepole.

Kuna kosa moja ambalo wanaotoka kwenye ngozi za mbuzi hulifanya sana, nalo ni kumwagia kila kitu chumvi. Ngozi ya manyoya inayokwenda mnadani hukaushwa kwa hewa bila chumvi. Chumvi, tena ile isiyotiwa madini joto, ni kwa ngozi ya kulungu au kwa ngozi unayotaka kuitengeneza mwenyewe.

Jambo la afya usilipuuze hata kidogo. Mashariki mwa Marekani rakuni ni miongoni mwa wanyama wanaobeba kichaa cha mbwa, pamoja na mbweha na vicheche wa huku, na virusi hukaa kwenye mate, ubongo na mishipa ya fahamu. Vaa glavu na miwani, na fuvu usilipasue. Kinyesi cha rakuni huwa na mayai ya minyoo wanaoweza kuingia kwenye ubongo wa binadamu. Sungura anaweza kukuambukiza ugonjwa wa bakteria uitwao tularemia kupitia mchubuko mdogo mkononi. Mbweha mwenye mabaka yasiyo na manyoya ana upele, na ngozi yake haina thamani yoyote. Kupe nao huuhama mwili unapopoa, na Pennsylvania ni moja ya majimbo yenye wagonjwa wengi wa Lyme, ugonjwa unaoenezwa na kupe, kwa hiyo mfunge mnyama kwenye mfuko mzito kabla ya kumweka garini. Na gari lenyewe liwe lako; sioni mwajiri atakayefurahi kukuta kulungu juu ya vifurushi vya wateja.

Ustadh wa Kisauni (Mombasa)

Namjibu dada yetu, mke wa muulizaji, na ninasema kwa madhehebu ya Imam Shafi tuliyolelewa nayo wengi wa pwani. Mnyama aliyegongwa na gari akafa bila kuchinjwa ni mzoga, na kumla ni haramu hata kama ni wa jamii inayoliwa kama kulungu. Hilo linakuhusu wewe pia, ndugu muulizaji, kwa kuwa kibali cha serikali kinahusu nyama na unaweza kushawishika. Ama ngozi, imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye kondoo aliyekufa wa mtumwa aliyeachwa huru na Bibi Maimuna, akauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake, na akabainisha kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Ngozi hutoharika, yaani huwa safi kidini, inapotengenezwa kwa dawa kali inayoondoa uchafu na unyevu wake, isipokuwa ya mbwa na nguruwe na aliyezaliwa na mmoja wao. Koyote wa mashariki mwa Marekani wana damu ya mbwa ndani yao, kwa hiyo mimi ningejiepusha nao.

Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ni kwamba kutengeneza ngozi hakutoharishi nywele zake, ingawa chache zilizobaki husamehewa. Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, wao huziona nywele za mzoga kuwa tohara tangu awali. Na kuuza ngozi ya mzoga kabla haijatengenezwa hakusihi kwetu. Mwambie basi mke wako kwamba fedha ya ngozi iliyokwisha kutengenezwa na kuondolewa nywele haina shaka, na ile ya manyoya ghafi ndiyo yenye maneno.

Mstaafu wa Doria (Morogoro)

Ndugu yetu ameuliza kuhusu kuleta ngozi Tanga, na sijaona aliyeligusa hilo.

Hapa nyumbani wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na wanyama hugongwa humo licha ya matuta na mabango ya faini. Dereva anayemgonga swala hapati ruhusa ya kumchuna. Anatakiwa kutoa taarifa. Akikutwa na ngozi bila kibali, amekutwa na nyara za Serikali, na thamani yake ikizidi shilingi milioni moja, kifungo ni kati ya miaka 20 na 30. Kenya ilifunga mlango huo zamani zaidi, ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara mwaka 1978. Wapo wanaolalamika kwamba ni ukali uliopita kiasi, lakini mtu aliyewahi kukuta mzoga wenye jeraha la risasi umeburutwa mpaka barabarani ili uonekane umegongwa hatashangaa kwa nini sheria haitofautishi.

Sasa fikiria afisa wa forodha anapofungua sanduku na kukuta ngozi ya kulungu wa Pennsylvania. Kwa macho yake haina tofauti kubwa na ya pongo au swala. Huko unakotoka, bidhaa ya mnyamapori inayotoka nchini inatakiwa kutangazwa kwa idara yao ya samaki na wanyamapori kwa fomu namba 3-177, kupitia bandari au viwanja vilivyoteuliwa. Huku utahitaji kibali cha idara ya mifugo kabla mzigo haujaondoka huko. Usiibebe begani ukidhani utajieleza ukifika.

Mwana wa Pangani

Nawashukuru sana, na shikamoo mzee wa Doria. Nimeamua kuwaacha rakuni na mbweha, nianze na kulungu peke yake. Nilifikiri ngozi iondolewe nywele kwa maji ya chokaa, iwambwe mbichi kwenye ngoma hapahapa, kisha ngoma iuzwe kwa vikundi vya utamaduni vya Waafrika wa huku. Je, ngozi ya kulungu inalia vizuri, na chokaa inahesabiwa kuwa dawa ya kutoharisha?

Fundi Manyoya

Inalia vizuri sana, na wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini wanaiwamba kwenye ngoma zao tangu kale. Iloweke katika chokaa iliyozimuliwa mpaka nywele ziachie, kwangua, suuza mpaka maji yawe safi kabisa, kisha iwambe ingali na unyevu. Ila fahamu kwamba hiyo inabaki kuwa ngozi mbichi iliyokauka. Ukiitengeneza kwa dawa mpaka ikawa laini, hutaipata tena sauti hiyo, kwa kuwa ngozi laini hunyumbuka.

Ustadh wa Kisauni

Hapo ndipo penye ugumu. Kipimo walichokiweka wanazuoni ni kwamba ngozi iliyotengenezwa, hata ikirudishwa majini, isioze wala kunuka. Kama ngozi ya ngoma ikilowekwa huoza, basi chokaa iliondoa nywele tu na ngozi haijatoharika, na kuiuza kunarudi kwenye hukumu ya ngozi ghafi. Kwa ngoma, nunua ngozi ya mbuzi kwa mwenye bucha ya halali. Atakupa kwa bei ndogo, na hutahitaji kibali cha mtu yeyote. Ngozi ya kulungu itengenezwe sawasawa iwe glavu au mikoba.

Mkazi wa Allegheny

Naafiki, kwa sharti moja. Hata hiyo mikoba usiitangaze kabla tume haijakujibu kama ngozi ya kulungu aliyegongwa inaweza kuuzwa, maana mkoba uliotengenezwa kwa ngozi hiyo bado ni sehemu ya mnyama yuleyule. Omba jibu kwa barua pepe, na kila ngozi uifungie lebo yenye namba ya kibali chake tangu siku unayoichuna.